Spea za Mlinzi wa Kivuko

Mwaka 1935 kampuni ya Lionel ya Marekani, watengenezaji wa treni za umeme za kuchezea, ilileta madukani kijumba cha bati chenye mtu ndani yake. Treni ikikaribia, mlango hufunguka kwa kishindo na mlinzi wa kivuko hutoka na taa yake nyekundu mkononi. Treni ikishapita, hurudi ndani na mlango hujifunga. Basi, kazi yake ndiyo hiyo. Kifaa hicho kilipewa namba 45. Mwaka 1950 kikaja kingine cha aina hiyo, namba 145, ambacho kiliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1966. Ukimpima mlinzi huyo na nyumba yake utacheka, ndugu msomaji, maana ni pande la mtu ambalo haliwezi kujinyoosha likalala mle ndani. Watoto hawakujali hilo, na mimi niliyemwona kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, sikujali pia.

Wanaoandika historia ya treni hizi huanza na injini. Humtaja Joshua Lionel Cowen, aliyeianzisha kampuni mjini New York mwaka 1900 pamoja na Harry Grant, kisha wakaingia katika habari za magurudumu na rangi za mabehewa. Mimi huvutwa zaidi na vitu vya kando ya reli: mlinzi huyo, kipakizi cha makaa, kipakizi cha magogo, zizi la ng'ombe. Hivyo ndivyo vinavyoharibika kwanza. Mtoto huiacha injini ikimbie, lakini mlinzi humvuta kwa kidole aone kama atatoka bila treni.

Tena mlinzi alizaliwa katika wakati wa shida. Mwaka 1934 kampuni ilikuwa chini ya wasimamizi waliowekwa na mahakama kwa sababu ya madeni, na kitoroli kidogo cha Mickey Mouse, kilichouzwa dola moja, kikaisaidia kupumua. Halafu vita vikaja. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilisimamisha utengenezaji wa treni za kuchezea ili kuokoa madini, na kiwanda cha New Jersey kikawa kinatengeneza dira na vyombo vingine vya wanamaji. Mwaka 1943 Lionel iliuza treni ya karatasi ngumu ya kukunja na kuunganisha, ambayo ilikuwa maarufu kwa jinsi ilivyowashinda watu kuiunganisha. Aliyekuwa na mlinzi wa bati tangu kabla ya vita ilimbidi amtunze.

Baada ya vita, kampuni ilifanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko injini zake zote. Iliwapa mafundi wake walioidhinishwa kitabu kinene cha ukarabati, chenye michoro ya kila kifaa kilichofunguliwa kipande kwa kipande, na kila kipande kikiwa na namba. Skrubu ina namba. Chemchemi ina namba. Mkono wa mlinzi una namba. Kwanza huandikwa namba ya kifaa, kisha kistari, kisha namba ya kipande. Nilikulia Tabora, mji wa reli, na huko fundi redio hakuwa na kitabu cha namna hiyo. Alikuwa na redio tatu zilizokufa alizozichinja ili ya nne ipone. Kwa hiyo nilipokifungua kitabu hicho mara ya kwanza, katika chapa mpya iliyotolewa na Greenberg, nilikaa nacho usiku kucha kama mtu aliyepewa hadithi tamu.

Mwaka 1959 Cowen aliuza hisa zake. Mwaka 1969 kampuni ikakodisha haki ya kutengeneza treni kwa General Mills, watu wa unga na vyakula vya asubuhi, na baadaye kazi ikahamia Michigan. Spea je? Nyingi zilikuwa zimekwisha kimbilia kwingine. Palikuwa na duka la Madison Hardware, Mtaa wa 23 New York, la akina Shur, ambao kwa miaka mingi walinunua mabaki ya Lionel na kuyalundika hadi darini. Treni ambayo kiwanda kilikuwa kimeisahau, wao waliweza kukuletea mpya katika boksi lake. Mwaka 1989 Richard Kughn, aliyekuwa ameinunua Lionel yenyewe mwaka 1986, alilinunua duka hilo na kulihamishia Detroit. Huwa najiuliza ni boksi ngapi zilifunguliwa siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1950.

Mlinzi niliyemtengeneza mimi hakuwa wangu. Alikuwa wa mama mmoja mjane, jirani yetu huko New Jersey, na marehemu mumewe ndiye aliyemnunua akiwa kijana. Alikuwa namba 145. Mlango haukufunguka, mkono wenye taa ulikuwa umekatika na kupotea, na kile kibamizo cha chini ya reli hakikuwepo. Koili nilipoipima ilikuwa nzima. Koili hizi hazifi upesi isipokuwa zikiachwa na umeme muda mrefu. Kilichokuwa kimeukwamisha mlango ni grisi ya zamani, iliyoganda kama ulimbo. Niliisafisha, nikatia tone moja la mafuta mepesi, na kipingili cha chuma kikaanza tena kuvutwa na koili.

Kibamizo kilinipa raha zaidi. Hicho hukaa chini ya reli na kufunga umeme kwa uzito wa treni, nacho husumbua kukirekebisha: treni nzito hukibonyeza, treni nyepesi hupita tu. Niliacha kukitafuta. Reli ya Lionel ina vyuma vitatu. Cha kati huleta umeme na viwili vya nje huurudisha. Ukikitenga kipande kimoja cha chuma cha nje kwa karatasi ngumu, magurudumu na ekseli ya behewa huunganisha upande mmoja na mwingine, na mlinzi hutoka kwa treni yoyote, nzito au nyepesi. Spea iliyokosekana haikuhitajika tena.

Mkono je? Hapo ndipo palipokuwa na mgogoro. Wakusanyaji hawapendi kipande kipya kwenye kifaa cha zamani, na wengi wao hutaka kila spea iliyoigizwa iwe na alama, ili mnunuzi asidanganywe. Wana haki. Mtu aliyelipia cha mwaka 1950 asipewe cha juzi. Lakini mama yule hakuwa anauza. Alitaka wajukuu wamwone mlinzi akitoka kama baba yao alivyomwona. Katika maonyesho ya York, Pennsylvania, ambako wanachama wa chama cha wakusanyaji wa treni hukutana kila Aprili na Oktoba, nilipata mtu mzima mzima wa plastiki, aliyeigizwa, na taa yake. Nikamweka. Yule wa zamani asiye na mkono nilimrudishia mama ndani ya bahasha, pamoja na karatasi inayosema kipi ni kipya.

Mimi nami nimeacha York fedha nyingi. Nina zizi la ng'ombe la mwaka 1949, ambamo wanyama hutembea kwa mtetemo wa koili. Chini ya kila ng'ombe pana mpira wenye vidole vidogo, na mpira huo ukikauka, jukwaa hutetemeka na ng'ombe husimama palepale wakinguruma. Mpira mpya hupatikana, nao hubandikwa kwa gundi. Nimewabandika wote. Wanaingia behewani kwa utaratibu, isipokuwa mmoja wa kahawia, ambaye hadi leo hurudi nyuma.