Uwanja wa Shabaha wa Bisley

Watu wengi hudhani kwamba kupiga shabaha ni kazi ya jicho na mkono tu. Sisi twasema kwamba jambo la kwanza ni ardhi, kwa maana risasi iliyokosa shabaha haina budi kuangukia mahali.

Chama cha wapiga bunduki cha Uingereza kilianza mashindano yake Wimbledon, karibu na London, mwaka 1860. Malkia Victoria ndiye aliyefungua, akavuta kamba ya hariri iliyofungwa kwenye bunduki iliyokwisha kuelekezwa. Risasi ikapiga karibu na kitovu cha shabaha, yadi 400. (Nusu ya sifa twampa fundi aliyeielekeza.) Lakini nyumba zikazidi kuukaribia uwanja, hata ikawa hatari. Basi mwaka 1890 chama kikahamia Bisley, jimbo la Surrey, penye nyika ya mchanga.

Huko nyuma ya shabaha pana boma la udongo la kuzuia risasi, na chini yake handaki. Watu waliomo humo huishusha shabaha, hulitia alama tundu la risasi, kisha huipandisha tena. Uwanja wa Stickledown hufika yadi 1,200. Kwa umbali huo upepo huisukuma risasi kando, hivyo mpigaji huzitazama bendera kwanza, ndipo afyatue.