Darasa la mtandaoni katika shule za msingi mkoani Mwanza

Darasa la mtandaoni (pia: darasa pepe) ni darasa ambalo mwalimu na wanafunzi hawakutani katika chumba kimoja, bali huwasiliana kwa intaneti kupitia kompyuta, kishikwambi au simu janja. Katika mkoa wa Mwanza na maeneo mengine ya Tanzania kandokando ya Ziwa Victoria, suala hilo liliwagusa walimu wa shule za msingi hasa mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19.

Historia

Elimu ya masafa ina historia ndefu katika eneo hilo. Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililopitishwa na TANU katika mji huo wa mashariki mwa ziwa, lilitaka watoto wote wapate elimu ya msingi ifikapo 1977. Vyuo havikutosha, hivyo maelfu ya walimu walifunzwa wakiwa kazini vijijini, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio.

Tarehe 17 Machi 2020 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule. Shule za msingi zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni. Katika kipindi hicho masomo yalirushwa kwa redio na televisheni. Baadhi ya shule binafsi zilitumia makundi ya WhatsApp na programu za mikutano ya video kama Zoom.

Uzoefu wa walimu

Mwalimu wa shule ya msingi anayefundisha mtandaoni humfikia mtoto kupitia simu ya mzazi. Mzazi anapokwenda kuvua, sokoni au shambani huondoka nayo, hivyo kazi iliyotumwa asubuhi humfikia mtoto jioni. Gharama ya bando humwangukia mwalimu na mzazi pia. Katika visiwa kama Ukerewe na Ukara, nyumba isiyo na umeme hulazimika kupeleka simu ikachajiwe kwingine.

Ugumu ni mkubwa zaidi katika darasa la kwanza na la pili, ambako mkazo ni stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu (KKK). Darasani mwalimu husikiliza mtoto akitamka silabi, hutazama anavyoshika penseli na kumsahihisha papo hapo. Kwenye simu huona picha ya daftari tu, na hawezi kujua kama aliyeandika ni mtoto au dada yake. Mtoto ambaye kwao hakuna simu janja hukosa somo lote, na wanaporudi shuleni mwalimu hulazimika kufundisha katika chumba kimoja waliosonga mbele na waliobaki nyuma.

Hali ya baadaye

Baada ya janga, mtandao umeendelea kutumika zaidi kuwafundisha walimu wenyewe. Katika Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), walimu hukutana katika jumuiya za kujifunza shuleni na katika vituo vya walimu, na pia hutumia moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania zilizowekwa mtandaoni.