Asiyekuwapo na Lake Halipo: Habari za Mashauri ya Kazi Mombasa

Kitabu hiki hutoa kila mwaka hesabu ya fedha na ya kazi zilizotendeka. Yafaa pia tuihesabu njia waliyopita wazee wetu, kwa maana haki tuliyo nayo haikuokotwa njiani.

Zamani kibarua wa Kilindini alitoka Likoni, Kisauni au Changamwe alfajiri, asijue kama siku ile ataandikwa kazi. Ujira wake ulikatwa na tajiri, na sheria ilitungwa na Serikali. Yeye mwenyewe hakuulizwa neno. Makuli waligoma mwaka 1939, Serikali ikaweka tume ya uchunguzi, lakini dhiki haikwisha.

Tarehe 13 Januari 1947 ulianza mgomo mkuu. Watu wa bandarini, wa reli, wa hoteli, hata watumishi wa nyumbani, waliacha kazi, wakawa wakikutana katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, aliwasihi warudi kazini, na Serikali ikaahidi kuamua shauri lao. Jaji Thacker akalisikiliza, na mishahara ikaongezwa. Lakini Chege Kibachia, kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi hao, alikamatwa Agosti mwaka ule ule, akapelekwa mbali huko Baringo. Hivyo mkono mmoja ulitoa nyongeza, na wa pili ukamwondoa msemaji.

Machi 1955 makuli waligoma tena. Safari hii Tom Mboya alikuja kutoka Nairobi, akasema kwa ajili yao, na uamuzi uliofuata ukawapandishia mshahara. Oktoba 1962 Serikali, Shirikisho la Waajiri na Shirikisho la Wafanyakazi walitia sahihi Mapatano ya Uhusiano Kazini. Ndipo watatu hao walipokubaliana kwa maandishi jinsi ya kusemezana kabla ya kugombana.

Mwaka 1964 Kenya iliingia katika Shirika la Kazi Duniani, lililoanzishwa mwaka 1919. Shirika hilo lilipitisha Mkataba Na. 144 mwaka 1976, nayo Kenya ikauridhia mwaka 1990. Kwa mkataba huo, Serikali yapaswa kushauriana na waajiri na wafanyakazi juu ya kanuni za kazi za mataifa: majibu inayopeleka Geneva, taarifa inazoandika, na mikataba ambayo haijaridhiwa bado. Wajumbe wa pande hizo mbili huchaguliwa kwa hiari na vyama vyao, tena huwa sawa kwa sawa. Na mashauri hayo hayana budi kufanywa walau mara moja kwa mwaka.

Basi hapa ndipo penye jambo letu. Meza ipo, lakini mjumbe hutumwa na chama. Kibarua wa Changamwe asiye na chama, au aliye nacho asihudhurie mkutano wala asiulize, atasemewa na wengine kama alivyosemewa babu yake. Tujiandikishe, tulipe ada, tumwulize mjumbe wetu kabla hajaenda, na arudipo tumtake atueleze. Waliosimama Kiwanja cha Maskini hawakuwa na kiti. Sisi tunacho, tusikiache kitupu.