Tiyo, kle na karatasi: namna kazi ya mayi ilifundishwa kwetu

Ndugu wanamemba, pamoja na wafadhili wetu, wengi mmetuuliza kwa nini tunaweka vijana kwa fundi wa mayi muda mrefu, badala ya kuwapa masomo ya miezi mitatu, sanduku la vyombo na picha ya kumbukumbu. Jibu liko katika historia ya kazi yenyewe.

Kwetu Congo kazi ya tiyo ilikua pamoja na shaba. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuri ya Lubumbashi ikatoa shaba yake ya kwanza. Kiwanda cha namna ile hakiendi bila mayi: ya kupoza mashine, ya kuosha madini, ya kunywa kambini. Mwanzoni kushika kle ilikuwa kazi ya Mzungu. Mwafrika alichimba mtaro na kubeba tiyo begani. Lakini mshahara wa Mzungu ulikuwa mzito, na karibu ya mwaka 1920 wafanyakazi Wazungu wakagoma. Kampuni ikaanza kuwaangalia wale wabebaji kwa macho mengine. Kuelekea 1928 ikaleta mikataba ya miaka mitatu, ikakubali mtu akae kambini na bibi na watoto wake, maana fundi akienda nyumbani kila mwaka, lazima umfundishe mwingine tangu mwanzo. Wasalesiani nao, waliofika Elisabethville mwaka 1911, walikuwa wamefungua shule ya ufundi. Tusiseme ilikuwa huruma. Fundi mweusi alilipwa kidogo kuliko Mzungu, njo sababu kubwa.

Baadaye serikali nayo ikaingia: REGIDESO ikaundwa mwaka 1939, na INPP, yenye kufundisha kazi za mikono mpaka leo, mwaka 1964. Halafu Gécamines ikaanguka. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, mishahara ikachelewa miezi na miezi, na tangu 2003 maelfu ya wafanyakazi wakaondoka na malipo ya mwisho. Watu wanahesabu tani za shaba zilizopotea. Sisi tunahesabu pia wazee waliorudi kijijini na ufundi wao, bila kijana hata mmoja wa kuwashikia kle.

Upande wetu wa Kivu, shule ilikuwa ngambo ya ziwa. Vita ya 1996 ilitupeleka Kigoma, katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Kambi ni mji uliozaliwa kwa wiki chache: unataka pompi, matanki, na bomba kila mtaa. Ndugu zetu wakaitwa kuchimba, kisha kushikilia tiyo, kisha kufunga wenyewe, pembeni ya mafundi Watanzania. Ni njia ileile ya Katanga, ila bila kampuni. Marudio yalipoanza, mwezi wa kumi 2005, mashua zikitoka Kigoma kuja Baraka, walishuka na ufundi wenye majina mawili: kitu kimoja wanaita koki asubuhi na robine mangaribi. Karatasi ya kuonyesha kwamba wanajua, wengi hawakuwa nayo. Mpaka leo fundi wa namna hiyo anafanya kazi yote na mwenye cheti anatia saini.

Sasa, kwa nini muda mrefu? Tiyo ya chuma inakuja na urefu wa metre 6. Unaikata, unaondoa makali ya ndani, unatia mafuta, unachonga meno kwa filiere. Tiyo ya nusu inchi ina meno 14 katika kila inchi, ile ya inchi moja ina 11. Ukisukuma filiere kwa haraka, meno yanavunjika; ukichonga kidogo, rakori haishiki; ukipita kiasi, inaingia yote na mayi yanatoka. Hiyo kitabu hakifundishi. Mkono unasikia, na mkono unasikia kisha kuharibu tiyo nyingi mbele ya mtu mwenye uvumilivu.

Na kwa milima yetu kuna jambo lingine. Mayi yanashuka yenyewe kutoka chemchemi, na kila metre 10 ya kushuka inaongeza karibu bar moja ya nguvu. Tanki ikiwa metre 80 juu ya kijiji, robine inapata bar nane wakati imefungwa. Tiyo ya plastiki ya bar sita itapasuka, mara nyingi usiku, wakati hakuna anayechota. Fundi aliyefundishwa anaweka kisanduku katikati ya mlima, mayi yapumue humo, nguvu ianze upya. Asiyefundishwa anafunga mpira kwenye ufa. Tumeona mipira mingi. Bomba likikauka, mama anarudi mtoni ao ziwani, na watu wa Uvira, Baraka na Fizi hawahitaji kuelezwa maana ya kipindupindu.

Kwa hiyo tunalipia fundi muda wake, na tunataka kuandikiana. Sheria ya Kazi ya 2002 iko na sehemu yake juu ya mwanafunzi wa kazi, na inataka mkataba uandikwe. Mafundi wengine walikasirika, wakasema wao walifundishwa kwa mdomo. Ni kweli, na ndio haohao wanaokosa saini leo. Katika mkataba wetu tumeandika kwamba kijana hatumwi kuchota, kupika wala kuchunga mbuzi ya mukubwa, na kwamba mwishoni atafanya mtihani mbele ya fundi mwingine, si yule aliyemfundisha. Mkataba unapatikana bironi kwa Kiswahili na Kifaransa. Wazazi waje wausome kabla ya kutia kidole.