Uzazi Mbele ya Mahakama: Shauri la Uganda, 2011–2020

Haki za binadamu aghalabu hufundishwa kwa kukaririwa ibara. Mwanafunzi hufaulu mtihani, nalo neno "uzazi" likabaki kwake jambo la wakunga. Sisi twaona kuwa shauri nambari 16 la mwaka 2011, lililofunguliwa katika Mahakama ya Katiba ya Uganda, lafundisha zaidi.

Asili yake ni vifo vya akina mama wawili waliokwenda kujifungua katika hospitali za serikali, mmoja Mityana mwaka 2009, wa pili Arua mwaka 2010. Huyu wa pili alikuwa diwani. Cheo hakikumfaa kitu. Jamaa zao, pamoja na shirika la CEHURD la Kampala, walidai kwamba kukosekana kwa huduma za msingi kwa wazazi kulivunja Katiba ya 1995.

Ugumu ulikuwa hapa: sura ya haki katika Katiba hiyo haina ibara itajayo waziwazi haki ya afya. Ipo ya 22 juu ya uhai, na ya 33 iwapasayo wenye kutawala kuwalinda wanawake kwa kuzingatia maumbile yao ya uzazi. Je, zatosha? Mwaka 2012 majaji walilitupa shauri bila kuingia katika kiini chake, wakisema kugawa fedha za afya ni kazi ya serikali na Bunge. Yaani huduma ya mzazi ikahesabiwa kama hisani, si haki. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo, ikaagiza shauri lisikilizwe. Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba Katiba imevunjwa, na kuiamuru serikali itenge fedha za kutosha.

Miaka tisa! Mtoto aliyezaliwa siku ya kufunguliwa shauri alikwisha jua kusoma hukumu yake.

Darasani, mwalimu na awagawe wanafunzi pande mbili, hii ishike hoja ya 2012, ile ya 2015. Hoja ya kwanza si ya kudharauliwa, maana jaji hakuchaguliwa na wananchi kupanga bajeti. Wavulana nao wasiachwe kuwa watazamaji: katika Kiswahili baba naye huitwa mzazi.