Kesi ya Ngedere, Hakimu Nyani

Ndugu msomaji, dhulma ina sura nyingi. Iko dhulma ya mwizi anayevunja mlango usiku, na hiyo kila mtu huijua na kuilaani. Lakini iko dhulma nyingine isiyopiga kelele, nayo ni ile ya karani anayemwambia mjane "njoo kesho", na kesho ikifika humwambia kwamba faili lake halionekani. Hakumwibia kitu, wala hakufanya kosa ambalo polisi wangeweza kumshika nalo. Walakini haki ya yule mjane imepotea, na hajui aende kwa nani.

Katika makala haya nataka tutazame jinsi Waingereza walivyojaribu kulitibu donda hili katika mabaraza ya miji na wilaya zao. Si kwa kuwa wao ni walimu wetu, bali kwa kuwa yaliyowapata yana mafunzo kwa kila anayeishi chini ya baraza la mji. Na khaswa kwa sababu ya swali moja lililowasumbua tangu siku ya kwanza hata leo: huyo anayewekwa kumchunguza mkubwa, ni nani anayemlinda asiogope, na ni nani anayemchunguza yeye?

Asili ya kazi hii

Jambo lenyewe si geni kwetu. Katika dola za Kiislamu za zamani palikuwa na Diwani ya Madhalim, ambapo khalifa au mtu aliyemweka alikaa kuyasikiliza mashtaka ya raia juu ya magavana, watoza kodi na wakubwa wengine. Al-Mawardi, aliyekufa mwaka 1058, aliandika mlango mzima juu ya kazi hiyo, akashurutisha kwamba mwenye kuishika awe ni mtu mwenye haiba ya kuogopewa na mwenye tamaa ndogo. Tuyaweke akilini masharti hayo mawili, kwani tutakutana nayo tena mbele.

Huko Ulaya mtu wa kazi hii huitwa ombudsmani. Ni neno la Kiswidi, na maana yake ni wakili anayesimama badala ya mwingine. Mfalme Karl wa 12 wa Uswidi, baada ya kushindwa na Warusi vitani Poltava mwaka 1709, alikimbilia katika nchi ya Sultani wa Uturuki akakaa huko miaka mitano. Akiwa huko, mwaka 1713, alitia sahihi amri ya kuweka mtu wa kuwatazama maafisa wake nyumbani. Wako wasemao kwamba fikira hiyo aliipata kwa Waturuki, na wako wasiokubali. Lakini yule alikuwa ni jicho la mfalme tu. Mwaka 1809 Bunge la Uswidi liliweka ombudsmani wake lenyewe, asiyekuwa mtumishi wa mfalme, na hapo ndipo kazi ilipopata sura yake ya leo. Denmark ilifuata mwaka 1955, na New Zealand mwaka 1962. Tanzania nayo iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966, yaani mwaka mmoja kabla ya Uingereza yenyewe kupitisha sheria ya namna hiyo.

Kilichowaamsha Waingereza

Waingereza walijiona hawana haja ya mtu huyu. Walisema, tuna Bunge, tuna mahakama, yatosha. Lakini mwaka 1954 palizuka kisa cha Crichel Down. Hilo lilikuwa shamba katika jimbo la Dorset, ambalo serikali ililichukua kabla ya Vita Vikuu vya Pili ili ndege zijifunzie kutupa mabomu. Vita vilipokwisha, wenye haki nalo wakataka kulinunua tena, nao maafisa wakawazungusha na kuwakatalia. Uchunguzi ulipofanywa, mwendo wa maafisa ukaonekana wazi mbele ya watu, na Waziri wa Kilimo, Sir Thomas Dugdale, akajiuzulu. Watu wakajiuliza: ikiwa wenye mashamba makubwa wanazungushwa hivi, hali ya mpangaji wa chumba kimoja itakuwaje?

Mwaka 1967 ikapitishwa sheria, na Sir Edmund Compton akawa mchunguzi wa kwanza wa malalamiko juu ya wizara za serikali. Lakini mabaraza ya miji yaliachwa nje. Na msomaji ajua kwamba mtu wa kawaida hana mambo mengi na waziri. Nyumba anayopanga ni ya baraza, shule ya mwanawe iko chini ya baraza, na jirani yake akijenga ukuta wa kumzibia jua, ruhusa imetoka kwa baraza. Basi mlango uliofunguliwa haukuwa ule unaobishwa na watu wengi.

Mlango huo wa pili ulifunguliwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1974. Ulikuwa ni mwaka wa aibu kwa mabaraza, kwani ndio mwaka aliofungwa John Poulson, mchoraji majumba aliyekuwa akiwahonga wakubwa wa miji ili apewe kazi. Kwa sheria ile pakaundwa tume ya wachunguzi, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Bi Serota, aliyepata kuwa diwani mjini London na baadaye waziri. Uingereza yenyewe iligawanywa baina ya wachunguzi watatu, na Wales ikawa na wake.

Nguvu waliyopewa

Sheria iliwapa mambo ya maana. Waliteuliwa kwa jina la Malkia, na haikuwezekana kuwafukuza kwa sababu tu wamemuudhi meya au waziri. Ilikuwa mpaka ithibitike kwamba wana mwendo mbaya au hawajiwezi. Waliweza kudai faili lolote na kumwita karani yeyote atoe ushahidi, kama iwezavyo Mahakama Kuu. Na mlalamikaji hakulipa hata senti moja.

Kazi yao ilikuwa kutafuta kosa la utawala: upendeleo, uzembe, uchelewesho, kumjibu mtu bila ya kuyasoma maneno yake. Hawakupewa ruhusa ya kuubatilisha uamuzi wa baraza kwa kuwa tu wao wangaliamua vingine.

Kamba zilizowafunga

Lakini, ndugu msomaji, mwenye kutazama vizuri aliziona kamba tatu miguuni mwao.

Kamba ya kwanza ilikuwa mlangoni. Raia hakuweza kumwendea mchunguzi moja kwa moja. Ilimbidi kwanza ayapeleke malalamiko yake kwa diwani, naye diwani ndiye ayafikishe. Yaani unayemshtaki baraza, umwombe mtu wa baraza akuandikie mashtaka! Wahenga wetu walikwisha kusema: kesi ya ngedere, hakimu nyani. Waingereza walikaa na kamba hii hata mwaka 1988, ilipokatwa na sheria mpya.

Kamba ya pili ilikuwa mfukoni. Gharama za tume zilibebwa na mabaraza yale yale yaliyochunguzwa, na ripoti yake ya kila mwaka ilipelekwa kwa jumuiya ya wawakilishi wa mabaraza hayo. Sisemi kwamba wachunguzi walinunuliwa. Nasema kwamba haki haitoshi kuwa safi moyoni, bali yapasa mnyonge naye aione kuwa ni safi. Jumuiya ile iliondolewa na sheria ya mwaka 1989, na siku hizi fedha hutoka serikali kuu. Lakini hapo nako pana mtihani. Baada ya mwaka 2010 serikali ilipokaza matumizi, fungu la tume lilipunguzwa sana, na wachunguzi waliokuwa watatu leo amebaki mmoja. Mtu aweza kufungwa mdomo kwa kutishwa, na aweza pia kufungwa kwa kunyimwa wasaidizi.

Kamba ya tatu ilikuwa ulimini. Mchunguzi husema na kushauri, wala halazimishi. Akiliambia baraza limlipe fulani fidia, baraza laweza kukataa. Hapo mwanzo hata lile lililotaka kulipa lilikuwa na shaka kama sheria yaliruhusu, mpaka ikatolewa ruhusa mwaka 1978. Na mwaka 1989 ikaamriwa kwamba baraza likikaidi laweza kulazimishwa kuitangaza habari hiyo katika gazeti la mji. Yaani silaha yake kubwa ni haya. Na ajabu ni kwamba silaha hiyo imefanya kazi, kwani siku hizi karibu mapendekezo yote ya mchunguzi hukubaliwa.

Ni nani anayemchunguza mchunguzi?

Mabaraza hayakukaa kimya. Baraza la Bradford lilikwenda mahakamani kumzuia mchunguzi katika kisa cha mama mmoja ambaye watoto wake walichukuliwa na baraza. Mahakama ya Rufaa, chini ya Lord Denning, ikasema maneno ya pande mbili. Mama hakulazimika kulitaja kosa la utawala kwa jina lake, kwani mtu wa nje atajuaje yaliyomo ndani ya mafaili? Lakini mchunguzi naye asivuke mpaka akaanza kuamua yeye mahali pa baraza. Basi ikajulikana kwamba juu ya mchunguzi iko sheria.

Kisa kingine ni cha Liverpool, kilichokatwa mwaka 2000. Klabu ya mpira ya mji huo ilipewa ruhusa ya kukuza jukwaa la uwanja wake wa Anfield, na majirani wakalalamika. Mchunguzi akagundua kwamba baadhi ya madiwani waliopiga kura walikuwa na tikiti za klabu hiyo hiyo na hawakulitangaza jambo hilo, na kwamba wengine walipiga kura kwa kufuata chama. Baraza likadai kwamba majirani wangalikwenda mahakamani, si kwa mchunguzi. Mahakama ya Rufaa ikalikataa dai hilo. Majirani wale hawakuwa matajiri wa kumudu gharama za kesi, na yaliyofichika ndani ya baraza yasingalijulikana bila ya mchunguzi mwenye nguvu ya kudai mafaili.

Lakini tusimpambe mtu kupita kiasi. Wako raia wengi waliotoka kwa mchunguzi na majonzi yale yale waliyokwenda nayo. Wameuliza: mbona baadhi ya wachunguzi walitoka katika kazi za mabaraza? Ni kweli. Jerry White, mathalan, aliyeingia kazini mwaka 1995, kabla yake alikuwa mtendaji mkuu wa baraza la Hackney. Wenye kutetea husema kwamba aliyepika jikoni ndiye ajuaye chakula kinafichwa wapi. Wenye kulaumu husema kwamba huyo atawaonea huruma wapishi wenziwe. Kila upande una haki yake. Na raia asiyeridhika hana rufaa; anayo mahakama tu, nayo hutazama kama sheria imefuatwa, haitazami nani alistahiki kushinda. Kamati ya Bunge iliihoji tume mwaka 2012 na kuitaka ijirekebishe. Mwaka 2016 ukaandikwa mswada wa kuunda ofisi moja itakayowajibika kwa Bunge waziwazi, lakini haukupitishwa kuwa sheria.

Mafunzo yake

Basi tunajifunza nini? Kwanza, kwamba uhuru wa mchunguzi si zawadi anayopewa siku moja ikawa yatosha. Hutoka mlangoni, mfukoni na ulimini, na adui yake huurudia kila mahali hapo. Pili, kwamba uhuru usio na wa kuuliza hugeuka kuwa usultani mwingine. Ukimtoa mnyonge mkononi mwa karani ukamtia mkononi mwa mtu asiyeulizwa na yeyote, hukumwokoa, umembadilishia bwana tu. Jambo zito ni kuyaweka yote mawili pamoja: mchunguzi asiwajibike kwa anayemchunguza, walakini awajibike kwa sheria na kwa watu.

Hapa ndipo yanaporudi masharti ya al-Mawardi, haiba na kutokuwa na tamaa. Waingereza wamehangaika tangu mwaka 1974 kuyatia katika vifungu vya sheria, na kazi bado haijaisha. Nasi katika majumba yetu tunao mlango wa kuanzia. Mwenye kushika mali ya yatima, mweka hazina wa chama, mwenye funguo za ghala, kila mmoja wao ni karani wa mtu. Akiulizwa hesabu asikasirike, na anayeuliza asiogope. Tukilizoeza hilo nyumbani, siku tutakaposimama mbele ya dirisha la baraza na kuambiwa "njoo kesho", tutajua kuuliza: kwa nini si leo?