Bei ya Sauti: Ujira wa Wasimulizi Nchini Marekani Tangu Enzi ya Redio

Historia ya ujira wa wasimulizi nchini Marekani, yaani watu wanaouza sauti zao kwa ajili ya matangazo, filamu na vitabu vya kusikiliza, imetawaliwa na swali moja: anayemlipa msimulizi ananunua nini hasa, muda wake, kazi iliyokamilika, au haki ya kuitumia sauti hiyo kila anapoihitaji?

Katika miaka ya 1930 swali hilo halikusumbua sana, kwa kuwa mitandao mikubwa ya redio, NBC na CBS, ilirusha vipindi vyake vingi moja kwa moja na haikutaka rekodi. Kipindi kilichosomwa New York saa mbili usiku mara nyingi kilisomwa tena saa tano usiku, ili kiwafikie wasikilizaji wa pwani ya Pasifiki, ambako wakati huo ndipo ilipokuwa saa mbili. Wasomaji walirudi studioni na karatasi zilezile, wakatamka maneno yaleyale mbele ya maikrofoni ileile, na chama chao cha AFRA, kilichoundwa mwaka 1937, kilipigania kima cha chini cha malipo pamoja na ujira wa urudiaji huo.

Rekodi ndiyo iliyovuruga hesabu. Mwaka 1946 mwimbaji Bing Crosby alianza kurekodi kipindi chake mapema badala ya kukifanya moja kwa moja, na mtindo huo ulipoenea, marudio hayakumhitaji tena msomaji, ingawa mwenye kipindi aliendelea kuvuna. Kutokana na hali hiyo dai la malipo ya marudio, yaani fedha zinazotolewa kila kazi iliyorekodiwa inaporushwa upya, likawa kiini cha mapambano. Chama cha waigizaji wa filamu, SAG, kiligoma kuanzia Desemba 1952 hadi Februari 1953 kwa sababu ya matangazo ya biashara ya televisheni, na mkataba uliopatikana ukayatambua malipo hayo. Desturi iliyojengeka baadaye ilihesabu matumizi ya tangazo kwa vipindi vya wiki 13. Dai hilo lilikuwa la haki kabisa, kwa kuwa sauti iliyokwisha kuzoeleka kwa sabuni moja haiajiriwi kuisifu sabuni nyingine, na msomaji aliyelipwa mara moja tu angekuwa ameuza pamoja na usomaji wake kazi zote ambazo angezikosa.

Upande wa vitabu ulifuata njia nyingine. Mwaka huohuo wa 1952, wanawake wawili vijana walioanzisha kampuni ya Caedmon mjini New York walimrekodi mshairi Dylan Thomas kwa dola 500 za santuri 1,000 za mwanzo, na baada ya hapo mrabaha wa asilimia 10, yaani fungu la mapato ya kila nakala inayouzwa.

Msimulizi wa kujitegemea wa leo, asiye na mwajiri wa kudumu, kwa kawaida hupanga bei ya kitabu kwa saa iliyokamilika, kipimo kinachohesabu saa moja ya sauti iliyo tayari kusikilizwa, ambayo hubeba takriban maneno 9,300. Kipimo hiki ni rahisi kwa mnunuzi, lakini kinaficha jasho: sentensi iliyorudiwa mara nne kwa sababu ya gari lililopita nje, usomaji wa awali, na uhariri wa kuondoa mate na pumzi, kazi ambazo zamani zilikuwa na mafundi wake na ambazo sasa, katika chumba kidogo cha nyumbani, ni za msimulizi mwenyewe. Jukwaa la ACX, lililoanzishwa na kampuni ya Audible mwaka 2011, liliwaruhusu wasimulizi kuchagua kati ya bei ya saa iliyokamilika na kugawana mrabaha na mwandishi. Waliochagua mgao walikuta mwaka 2014 kwamba, kwa mikataba mipya ya kuuza kupitia kampuni hiyo pekee, mrabaha uliokuwa ukianzia asilimia 50 umeshushwa hadi 40, na nusu ya hiyo ilikuwa ya mwandishi.